Kadi Tuliyoingoja na Vigga

Jumapili, 25 Agosti

Kila lifti ninayoihudumia hapa Aalborg ina daftari lake kwenye chumba cha mashine: tarehe, hitilafu, kilichofanyika. Miaka ishirini na mitatu nimeyajaza madaftari hayo bila kuruka siku, lakini ya nyumbani kwangu sijawahi kuandika hata mstari. Leo naanza, kwa sababu kuna hitilafu na chanzo chake sikijui.

Benedikte, mama wa mwanangu, amenipigia asubuhi. Tumeachana miaka sita sasa na mtoto tunakaa naye wiki kwa wiki. Kila Jumapili binti yetu, Vigga, anabeba begi lake na kuhama. Ametimiza miaka kumi na mitano. Amemwambia mama yake kwamba huenda kuanzia mwaka mpya akae kule moja kwa moja, kwangu aje kutembea tu wikiendi. "Hajaamua, Troels," Benedikte akasema. "Ataamua kabla ya Krismasi. Nimeona ni haki yako ujue." Nikamshukuru. Simu ilipokatika nilikaa juu ya boksi ambalo bado sijalifungua, maana nimehamia nyumba hii mwezi huu huu, na sikuinuka mpaka kahawa ikapoa.

Jioni Vigga amefika. Nimempikia mipira ya nyama kwenye mchuzi wa karii, chakula chake tangu utotoni. Amekula, akaenda kwenye kompyuta yake ya michezo, na muda si mrefu nikamsikia anasonya.

"Vipi, mama?"

"Picha zinakatakata. Kule tulikotoka haikuwa hivi. Wenzangu wananiacha, nakuwa kama bibi kizee kwenye barafu."

"Imezeeka?"

"Labda. Huwa kadi ya michoro ndiyo inayozeeka kwanza."

Sikujua kadi ya michoro ni mdudu gani. Nimeitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Ninachojua ni kwamba kompyuta ile niliihamisha mwenyewe kwa uangalifu wote: kila tundu nyuma yake lililokuja na kifuniko cha mpira nililivika ili vumbi lisiingie, nikaifunga kwa blanketi, na hapa nikachomeka nyaya zote kwa mkono wangu. Kwa hilo angalau hakuna wa kunifundisha kazi.

Jumapili, 1 Septemba

Amerudi kwa mama yake. Wiki nzima nimemuuliza shule ikoje, akanijibu nzuri.

Jumanne, 3 Septemba

Nimemuuliza Jannik, kijana ninayefanya naye kazi, kuhusu kadi za michoro. Alikuwa amening'inia nusu ndani ya shimo la lifti na akasahau kabisa alichokuwa anafanya.

"Mzee, hiyo kadi ndiyo inayochora kila unachokiona. Bila kadi nzuri, kompyuta inachora kwa kiwiko. Ya binti yako ina umri gani?"

"Miaka mitatu hivi."

"Hapo itakuwa imechoka. Nunua mpya. Ila usinunue tu. Kuna wakati wa kununua na kuna wakati wa kulizwa."

Nikakaa kwenye gari na mkate wangu wa shayiri, nikasoma nilichoweza, nikaelewa robo. Halafu nikampigia Vigga.

"Baba? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka kukuuliza, hizi fremu kwa sekunde ni kitu gani?"

Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza kwa dakika arobaini. Picha ya mchezo ni karatasi nyingi zinazopita haraka, na yake zinapita ishirini kwa sekunde mahali pa sitini. Kadi ina kumbukumbu yake yenyewe, na ikijaa mambo yanaharibika. Kuna watu wa kijani na watu wa nyekundu, kila upande unaapa kwa kampuni yake na kuwaona wa upande wa pili vipofu.

"Na wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni wa bei nafuu, Baba."

Tumecheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka kwenye simu.

Jumatano, 11 Septemba

Vigga yuko kwangu. Nimerudi kazini nikakuta meza ya kompyuta yake imesogea kutoka ukutani, upana wa ngumi. Nyumba za kale, sakafu zimeinama. Nimeirudisha.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumekaa mezani asubuhi yote, mkate na jibini mbele yetu, na kuandika kadi tatu kwenye karatasi. Vigga amezipa majina. Ya kwanza ni Mnene: ina feni tatu, inakula umeme mpaka itabidi tubadili hata kifaa cha kuilisha kompyuta umeme. Ya pili ni Mchoyo, bei yake tamu lakini imebaniwa kumbukumbu. Ya tatu ni Mpole, feni mbili, kumbukumbu ya kutosha, haina makuu.

"Mpole," nikasema mara moja.

"Subiri kwanza, wewe nawe! Mpole imetoka juzi, bei iko juu. Tunaingoja Ijumaa Nyeusi mwezi wa kumi na moja, maduka yanapopunguza bei, au tunangoja Januari watoe kizazi kipya, hizi zishuke."

Januari. Nilisikia neno hilo kama mlango unaofungwa, maana Januari huenda asiwe anakaa hapa tena. Nikamwambia Novemba ingefaa zaidi. Akaniangalia kidogo, akasema tutaona.

Jumanne, 24 Septemba

Meza imesogea tena. Nimeiwekea vipande vya mpira chini ya miguu yote minne.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua. Vigga kapiga simu mwenyewe: Mpole imepanda bei. Tumeilaani pamoja.

Jumatano, 9 Oktoba

Meza imesogea, mpira na yote. Nimeleta kipima-usawa cha kazini nikakilaza sakafuni. Sakafu iko sawa kabisa. Nimekilaza mara tatu, pande tatu. Sielewi.

Jumanne, 15 Oktoba

Likizo ya vuli, yuko kwa mama yake. Upepo umeangusha mti kwenye maegesho yetu. Jumanne zimekuwa siku zetu za simu; Vigga amepiga kuuliza kama gari langu ni zima, halafu tukahamia kwenye kadi, na baada ya kadi akanisimulia, bila kuulizwa, kwamba rafiki yake mkubwa hamsemeshi tangu wiki iliyopita. Nimesikiliza. Sikutoa ushauri wowote, na nadhani hilo ndilo jambo la maana nililofanya mwezi huu.

Jumapili, 10 Novemba

Mkesha wa Mtakatifu Morten, jioni ya kula bata. Nimempeleka Vigga kwa mama yake, na Benedikte akanikuta mlangoni na aproni yake.

"Ingia ule. Bata ni mkubwa kuliko sisi."

Sijala kwenye meza yake tangu tuachane. Nilikuwa nimejiandalia chuki kidogo tangu ile simu ya Agosti, kana kwamba yeye ndiye anayenivuta mtoto. Leo nimemwona anamkatia Vigga paja la bata na kutoa ngozi ambayo mtoto haipendi, na chuki yenyewe ikakosa pa kukaa. Wakati wa kuosha vyombo akaniambia chini kwa chini, "Hizo kadi zenu zitatuua sisi wengine. Kila chakula cha jioni ni Mpole na Mchoyo. Hata mimi sasa najua Mnene anakula wati ngapi."

Kadi zenu. Nimeendesha gari hadi nyumbani na neno hilo.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nitaandika kirefu.

Ijumaa Nyeusi imebaki wiki mbili. Mpole ina urefu wa sentimita ishirini na sita, na mtu mwenye akili hupima kabla ya kununua. Nikafungua mapazia, nikavuta kisanduku cha kompyuta kutoka chini ya meza hadi kwenye mwanga wa dirisha, nikakigeuza kuona mgongo wake.

Juu kuna safu ya matundu ya ubao mkuu wa kompyuta, ambao nao huweza kuchora picha, ila kwa shida. Waya wa skrini umechomekwa hapo, pale nilipouchomeka Agosti. Chini yake, peke yake, kuna mgongo wa kadi ya michoro. Una matundu manne. Matatu bado yana vifuniko vya mpira nilivyovivika mwenyewe. Cha nne kimedondoka sijui wapi. Hakuna waya hata mmoja unaoingia kwenye kadi.

Nilichuchumaa pale nikitazama, mpaka magoti yakauma.

Kwenye lifti, tundu lenye kifuniko maana yake halitumiki, usiliguse. Vijana wote ninawafundisha hivyo siku ya kwanza. Basi Agosti nilipofika hapa na nyaya mkononi, nikaona matundu yenye vifuniko nikayaruka, nikaona tundu lililo wazi nikachomeka. Nilisahau kwamba vifuniko vile niliviweka mimi. Miezi mitatu kompyuta ya mwanangu imekuwa ikichora kwa kiwiko, kama alivyosema Jannik, na kadi yake nzima kabisa imelala pembeni haina kazi. Mimi, ninayelipwa kuunganisha nyaya.

Nikauchomoa waya, nikauchomeka kwenye kadi, nikawasha. Nimeuona mchezo wake mara nyingi nikipita na nguo za kufua, lakini leo nimeuona kweli. Nyasi zilikuwa zinayumba. Maji yalikuwa yanakwenda. Pembeni ya skrini namba ya fremu ikaandika sabini na moja.

Nilitakiwa nifurahi. Nilitakiwa nimpigie saa ile ile: mama, hatuhitaji kadi. Nilishaishika simu.

Halafu nikafikiria Jumanne ya simu itakayofuata, na nyingine baada yake. Nitampigia nimwambie nini? Shule ikoje? Nzuri. Hii kadi ndiyo iliyotufanya tuongee. Bila Mpole na Mchoyo mimi ni mzee anayepika mipira ya nyama, na mwisho wa mwaka anaamua.

Nikauchomoa waya nikaurudisha kwenye tundu la makosa. Nimefanya hivyo kwa makusudi, na naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikujua. Kilichofanyika: hakuna. Kwenye daftari la lifti ningefukuzwa kazi kwa mstari huo.

Jumatano, 20 Novemba

Vigga yuko hapa. Amechora jedwali la bei kwa rangi, za kampuni ya kijani kwa kijani, za nyekundu kwa nyekundu. "Angalia, Baba, Mpole inashuka kila Alhamisi!" Nikamwambia ana jicho la fundi. Amefurahi hadi masikio yakawa mekundu, nami nikaenda kujifanya natafuta kitu kwenye friji.

Meza imesogea tena. Nimeirudisha bila kusema lolote. Mtu mwenye siri yake hana mdomo wa kuilaumu meza.

Ijumaa, 29 Novemba

Ijumaa Nyeusi. Nilikuwa nimesimama juu ya paa la lifti, ghorofa ya saba, Vigga akiwa kwenye mapumziko shuleni. Saa nne kamili simu ikalia.

"Baba, fungua ukurasa! Mpole imeshuka robo nzima!"

"Nimeiona. Zimebaki sita."

"Nne. Baba, zimebaki nne."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikinunua, nitakuwa nimenunua kitu tusichokihitaji ili kuficha nilichokificha. Nisiponunua, nitasema nini?

"Usibonyeze," Vigga akasema ghafla.

"Nini?"

"Usibonyeze. Tungoje Januari. Kizazi kipya kikitoka hii itashuka zaidi. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema haraka mno. "Tungoje."

"Afadhali," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu. Zikabaki mbili, ikabaki moja, zikaisha. Jannik, aliyekuwa anasikiliza kutoka chini, ametukana nusu saa nzima. Anasema hajawahi kuona familia yenye roho ngumu hivi.

Jumapili, 1 Desemba

Vigga kaja na mshumaa wa kalenda, wenye tarehe kuanzia moja hadi ishirini na nne. Kila jioni tunauacha uungue tarehe moja.

Alhamisi, 12 Desemba

Benedikte amepiga. "Ameamua, Troels. Nimemwambia akuambie mwenyewe Jumapili." Nimejaribu kuisoma sauti yake nikashindwa. Nikamuuliza kama bata wa Krismasi ameshanunuliwa. Akasema ndiyo, na akaongeza, "Wewe ni baba mzuri, unajua." Watu husema hivyo kabla ya kukupa habari mbaya.

Kama ameamua kuondoka kwa sababu ya picha zinazokatakata, basi nimejiondolea mtoto kwa waya mmoja.

Jumapili, 15 Desemba

Asubuhi niliamua kwamba nitasema mimi kwanza, kabla yake, ili kauli yangu isiwe ya kumnunua.

Amefika saa nane, kofia imelowa theluji ya maji. Nilikuwa nakaanga vitumbua vya Desemba, vya tufaha, na jikoni moshi ulikuwa mwingi. Alivua viatu tu, koti bado mwilini, akachukua kimoja cha moto na kukihamisha mkono huu hadi mkono ule.

"Vigga, keti. Nina jambo."

"Mimi pia nina jambo."

"Langu kwanza. Kadi yako si mbovu. Haijawahi kuwa mbovu. Agosti nilichomeka waya wa skrini kwenye tundu lisilo lake. Niligundua tarehe kumi na sita Novemba. Nikanyamaza."

Alikiweka kitumbua kwenye sahani.

"Mwezi mzima?"

"Kasoro siku moja."

"Kwa nini, Baba?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yalitoka machache. "Niliogopa tutakosa la kuzungumza. Nisamehe, mwanangu. Umeumia na picha mbovu kwa ajili ya woga wangu."

Aliingiza mkono kwenye mfuko mdogo wa ndani wa koti, ule wa zipu, akatoa kitu na kukiweka mezani karibu na sukari. Kidogo, cheusi, cha mpira. Kifuniko cha nne.

Nilikitazama, nikamtazama yeye.

"Kumi na moja Septemba," akasema. "Jumatano. Nilitoka shule mapema nikasema ngoja niangalie nyuma."

"Septemba!"

"Nilikifungua kifuniko, nikahamisha waya, ikafanya kazi. Nikachukua simu nikucheke mpaka kesho. Halafu nikakumbuka wiki iliyotangulia ulinipigia Jumanne." Alianza kuchezea kifuniko kwa kidole. "Hujawahi kunipigia Jumanne, Baba. Hujawahi kunipigia siku yoyote. Nikasema nikimwambia, ataacha."

"Kwa hiyo umecheza na picha mbovu miezi mitatu?"

"Nani? Mimi?" Akacheka, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilikuwa nahamisha waya nikitoka shule, nacheza, halafu saa kumi na robo naurudisha kabla hujaja. Ndiyo maana meza! Na wewe ukaniwekea mipira kwenye miguu ya meza! Nilikuwa naivuta kwa mgongo, nasema huyu mzee ataniua!"

Tumecheka hadi vitumbua vikaungua. Nimemkumbatia, akaniachia nimkumbatie kwa muda mrefu kuliko wanavyoruhusu watoto wa umri wake.

"Haya, la kwako," nikasema.

"Mama aliniambia alikwambia Agosti. Umekaa nalo lote hilo peke yako?"

"Nimekaa nalo."

"Haikuwa kompyuta, Baba. Hapa palikuwa kimya tu. Unapika, unauliza shule, basi. Nilidhani hata nisipokuja hutaona tofauti sana." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Nimemwambia Mama wiki kwa wiki, kama sasa. Ila Jumanne zangu sizitoi."

Waya tumeuchomeka pamoja, yeye kashika taa ya simu. Kifuniko cha nne amekirudisha mfukoni kwake. Amesema hicho ni chake.

Jumatatu, 6 Januari

Vigga yuko kwa mama yake. Usiku wa leo wametangaza kizazi kipya cha kadi, na tumeangalia kila mtu kwake, simu masikioni. Ni nzuri sana hizo kadi mpya. Tumezijadili saa nzima na robo, Benedikte akipita nyuma na kuuliza zinakula wati ngapi. Vigga anasema bei ni wizi mtupu, na kizazi kitakachofuata baada ya miaka miwili ndicho kitakuwa cha maana.

Hitilafu: hakuna. Kilichofanyika: tumekubaliana kungoja. Kesho ni Jumanne, atapiga saa kumi na moja.